Mimi Simo

Mkutano wa kijiji ulikuwa chini ya mwembe, saa nane mchana, jua limekaza. Mezani walikaa mwenyekiti na mtendaji, daftari la kaya limefunguliwa mbele yao, na nyuma yao mgambo wawili wamesimama na virungu. Ajenda ilikuwa moja: kila kaya itoe shilingi 15,000 za kujenga ofisi. "Wanaokubali wanyooshe mikono." Mikono ikapanda. Nilikuwa mgeni pale, nimekaa kwenye gogo pembeni, na kuna kitu nilikiona ambacho hakijanitoka. Watu hawakumtazama mwenyekiti. Walitazamana wao kwa wao. Kila mmoja alipandisha mkono huku akichungulia wa jirani umefika wapi.

Mkono mmoja ulibaki mapajani. Ulikuwa wa mama wa makamo, amejifunga kanga kiunoni, viganja vimekomaa kwa jembe. "Mama, na wewe?" mwenyekiti akauliza. Akasimama, akaamkia kwanza, ndipo akasema: "Mwaka juzi tulichanga za zahanati. Stakabadhi sikupewa, na zahanati mpaka leo haina dirisha hata moja. Nikionyeshwa hesabu ya zile, nitatoa hizi. Kabla ya hapo, mimi simo."

Watu wakaguna. Mtendaji akaandika jina lake. Mwenyekiti hakugusa habari ya hesabu, alisema maneno mawili tu: "Unapinga maendeleo." Halafu mzee mmoja, si kiongozi wala nini, mwanakijiji kama yeye, akamalizia kutoka safu ya nyuma: "Siku ukifiwa tutaona nani atakuja kuzika."

Kauli hizo mbili zimenikaa kooni. Ya mwenyekiti ni kauli ya dola. Ya mzee ni kauli ya jamii. Tumezoea kudhani kwamba hivi ni vitu viwili vinavyovutana, kwamba serikali ikimwonea mtu basi jirani atamtetea. Chini ya mwembe ule niliviona vikishikana mikono. Dola ilileta daftari, jamii ikaleta kaburi. Mama akabaki katikati, peke yake, na swali lake likabaki bila jibu: hela za zahanati zilikwenda wapi?

Hakukataa kuchanga. Hakukikataa kijiji. Alitaka hesabu. Lakini kwetu anayeuliza peke yake huhesabiwa kuwa mvunja umoja, na lugha yenyewe inasaidia kumbana. Nafsi ni neno zito, la heshima. Ndani yake mna pumzi ya mtu na dhamiri yake. Ukilivuta kidogo likawa ubinafsi, limekuwa tusi. Kwa mtu anayejilimbikizia tuna majina tele: mchoyo, bahili, mroho, mnyonyaji, kupe. Kwa mtu anayesimama peke yake kwa sababu dhamiri yake imekataa, tuna mkaidi, na mkaidi tumeshamwambia kuwa hafaidi mpaka siku ya Idi. Hawa ni watu wawili tofauti kabisa, na tumewatia kwenye gunia moja: anayekataa kugawana alichonacho, na anayekataa kudanganywa.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo. Mkuu wa methali hiyo alikuwa mzee aliyekulea, na guu lilivunjika kwenye shimo ambalo yeye alikuonya ulikwepe. Leo mkuu ni mkuu wa wilaya, na anayevunja guu ni yeye mwenyewe. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani mpaka saa 48. Masharti yamo: pawe na kosa la kumkamatisha mtu au hatari ya kuvunjika kwa amani, na mtu afikishwe mahakamani. Masharti hayo yamelala kwenye karatasi. Tumeshuhudia watumishi wa afya, maofisa wa halmashauri, madiwani na waandishi wa habari wakiswekwa mahabusu kwa amri ya mdomo, mbele ya kamera, kwa kuchelewa kikao au kujibu kwa sauti isiyopendeza.

Wanaotetea fimbo hiyo wana hoja moja ambayo wameirithi kizazi hadi kizazi: wananchi wetu bila kusukumwa hawaendi. Kazi ya pamoja, wanasema, inataka nguvu kidogo. Nawapeleka Litowa.

Litowa iko Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wachache wa umoja wa vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliingia porini kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Jaribio la kwanza liliwashinda. Wakaanza upya. Hapakuwa na amri ya mkuu wa mkoa wala lori la serikali. Walikaa wakabishana, wakapanga zamu, wakagawana mavuno kwa utaratibu walioutunga wenyewe, na walipokosea walirekebisha wenyewe. Watu wa vijiji vingine wakaja kutazama, wakarudi kwao wakaanzisha vya kwao. Kufikia mwisho wa muongo vijiji vilikuwa 17 hivi, vimeungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho wengi walikiita RDA. Walikuwa na mashine ya kusaga nafaka mjini Songea, walikuwa na mashine ya kupasua mbao, na walikuwa na shule yao Litowa ambako mtoto alishika kalamu na jembe. Palikuwa na Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliyewashauri. Lakini neno la mwisho lilikuwa la mkutano wa wanakijiji.

Na jambo ninalolipenda kuliko yote ni hili: aliyetaka kuondoka aliondoka. Aliyeona maisha yale hayamfai alifunga mzigo wake akaenda, na hakuna aliyemwita msaliti wa taifa. Kwa sababu hiyo waliobaki walikuwa wamebaki kweli. Mikono iliyonyooshwa Litowa ilikuwa na thamani, maana ingeweza kubaki mapajani.

Azimio la Arusha likatoka Februari 1967. Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake juu ya ujamaa vijijini, na ukilisoma unaona anaeleza mambo ambayo Litowa walikuwa wakiyafanya tayari. Oktoba 1968 akaandika tena, safari hii juu ya uhuru na maendeleo, na humo alisema bila kuficha kwamba watu hawaendelezwi kwa kuswagwa kama wanyama, wanajiendeleza wenyewe. Na kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Sijasoma hoja bora ya uhuru wa mtu mmoja iliyoandikwa na mkuu wa nchi wa Afrika. Na iliandikwa na mjamaa.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikaifuta RDA.

Tulia hapo kidogo. Chama kilichokuwa kikihubiri ujamaa nchi nzima kiliwafuta wakulima waliokuwa wakiuishi. Mali ikachukuliwa. Walimu wa Litowa wakatawanywa. Washauri wa kigeni wakaondoka nchini. Kuanzia hapo vijiji vya ujamaa vingekuwa kazi ya chama peke yake. Kosa la watu wa Ruvuma lilikuwa nini? Hawakuwa mabepari. Hawakumnyonya mtu, hawakuiba, hawakupindua serikali. Walifanya kila kitu walichoambiwa ni kizuri, isipokuwa hawakungoja kuamriwa. Wakubwa wa mkoa hawakukerwa na ubinafsi wao, kwa kuwa hawakuwa nao. Walikerwa kwamba hawa ni watu wazima wasiohitaji kuchungwa.

Ndiyo maana kila nisikiapo mjadala wa vijiweni na wa vyuoni, kwamba Mzungu ni wa mimi na Mwafrika ni wa sisi, nachoka. Huo mstari umechorwa mahali pasipo. Litowa walikuwa sisi. Kilichowaua kilikuwa sisi pia, sisi nyingine, ya wakubwa waliojipa haki ya kusema kwa niaba ya kila mtu. Mstari wa kweli unapita kati ya pamoja yenye mlango na pamoja yenye kufuli kwa nje.

Baada ya Litowa ikafuata ile ya kufuli. Krismasi ya 1971, huko Isimani, Iringa, nchi ya mahindi na matrekta, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Klerruu alimkuta mkulima Said Mwamwindi shambani. Mashamba ya wakulima wakubwa yalikuwa yanageuzwa kuwa ya ujamaa. Wakatupiana maneno. Mwamwindi akamuua kwa bunduki, akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe, akaendesha mpaka polisi na kujisalimisha. Alihukumiwa kifo, akanyongwa. Simpambi Mwamwindi. Dk. Klerruu alikuwa binadamu, alikuwa na watu wake waliomlilia, na risasi haijawahi kuwa hoja. Lakini nchi isiyoacha mahali pa kusema simo kwa mdomo, siku moja hutokea mtu akaisema kwa bunduki, na dola hupata kisingizio cha kuziba midomo yote iliyobaki. Euphrase Kezilahabi alikigusa kidonda hicho katika riwaya yake ya Dunia Uwanja wa Fujo, 1975: Tumaini, mwenye shamba lililotaifishwa, anamuua mkuu wa wilaya na anahukumiwa kunyongwa. Riwaya ilitoka malori yakiwa bado barabarani.

Malori, naam. Operesheni Rufiji, Operesheni Dodoma na Operesheni Kigoma, za kuwahamishia watu vijijini, zilikuwa zimekwishapita. Novemba 1973 Mwalimu akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amehamia.

Bibi yangu mzaa mama alinisimulia siku ile mara nyingi, na kila mara alianzia palepale, kwenye jiwe la kusagia. Lilikuwa jiwe la mama yake, limelika katikati mpaka likawa kama sahani. Lori lilifika asubuhi, ulezi uko shambani haujavunwa. Wakaambiwa pandeni na mnachoweza kubeba. Akabeba mtoto mgongoni, kuku wawili kwapani, chungu, na mkeka. Jiwe likamshinda. Lori lilipoanza kuondoka aligeuka nyuma, akaona moshi: paa lake la nyasi lilikuwa linawaka, limechomwa ili asiwe na pa kurudi. Walishushwa kando ya barabara, mahali palipopimwa kwa kamba, nyumba zipangwe mistari kama vitanda vya wodini. Maji yalikuwa mbali. Shamba lilikuwa mbali zaidi. Kwa miaka mingi alitoka alfajiri akatembea saa mbili kurudi kwenye udongo aliouzoea, na akifika hakuanza kulima, alianza kwa kung'oa magugu kwenye kaburi la mwanawe wa kwanza. Jiwe hakulikuta tena.

Huyu hakuwa kabaila. Na ujamaa alikuwa nao kabla lori halijafika. Walilima kwa zamu na majirani. Pombe ikiiva kwa mmoja wanaitana, leo kwangu, kesho kutwa kwako. Asiyefika leo hakuitwa kesho, ikaishia hapo, hapakuwa na kesi wala mgambo. Lori lilimwondoa kwa watu aliojuana nao tangu utoto likamshusha kati ya watu walioshushwa jana, kila mmoja anamwogopa mwenzake, hakuna anayejua nani ni mpelelezi wa nani. Waliivunja pamoja ya watu ili waijenge pamoja ya serikali, na ya pili haikusimama.

Mwaka 1977, katika taarifa yake ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu alihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji 7,684. Kila nikiiona tarakimu hiyo namtafuta bibi. Yumo, ni mmoja wa milioni 13. Jiwe halimo. Moshi haumo. Daftari la kaya halina safu ya kuandika nani alikuja kwa miguu yake na nani aliletwa.

Kuna wanaonijibu kwa shule na zahanati, na jibu lao si la kupuuza. Mama yangu alisoma kwa kuwa shule ilikuwa karibu. Bibi mwenyewe alijifunza kuandika jina lake kwenye kisomo cha watu wazima, na aliliandika kwa fahari hadi alipofariki. Nashukuru kwa herufi hizo. Lakini herufi hazikuhitaji moto. Hakuna mtu atakayenieleza nikaelewa kwa nini mtoto asingeweza kufundishwa a, e, i, o, u mpaka kwanza nyumba ya mama yake ichomwe. Na njaa ya 1974 na 1975 ilikuwa na ukame ndani yake, sikatai. Ila ukame haukuwatoa watu kwenye mashamba yenye mazao.

Dola ikishazoea kumpangia mtu mahali pa kulala haishindwi kumpangia nguo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: sketi fupi marufuku, wigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Oktoba 1968, hata kabla operesheni haijaanza rasmi, makundi ya vijana yaliwavamia wanawake Kariakoo kwa sababu ya sketi zao. Katika miaka hiyohiyo Wamasai waliandamwa na operesheni nyingine, wao wakitakiwa waache rubega na rangi nyekundu mwilini, wavae suruali. Dada wa mjini alikuwa wa kisasa mno, Mmasai alikuwa wa kale mno. Mwenye kipimo alikuwa mmoja, na kipimo chake kilikuwa yeye mwenyewe.

Angalia lakini nani waliomvamia dada wa Kariakoo. Hawakuwa polisi. Walikuwa vijana wa mitaani, watoto wa majirani. Ningekuwa mwongo kama ningeibebesha dola mzigo wote. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na samadi walizopikia watoto wao maisha yao yote. Hakuna waziri aliyetia saini. Palikuwa na mnong'ono kisimani, kisha kilabuni, kisha panga. Anayeuawa mara nyingi ni mjane anayeishi peke yake, asiye na mtoto wa kiume karibu, mwenye shamba ambalo mtu fulani amelitamani. Wengi wape, tunasema, na methali yenyewe inakiri kilichomo ndani yake: usipowapa watachukua. Mtu anayeiita hiyo busara hajawahi kuwa mmoja.

Na tishio la kaburi! Hakuna silaha kali kuliko hiyo vijijini kwetu. Mtu anaweza kuvumilia faini, anaweza kuvumilia hata mahabusu, lakini kumwambia kwamba maiti ya mama yake italala ndani bila mtu wa kushika sepetu ni kumvunja mgongo. Wenyeviti wanajua. Kwa hiyo wanaacha jamii iseme hilo, wao wanabaki na kazi ndogo ya kuandika majina. Utawala wa mabavu haukai kwa bunduki peke yake. Unakaa kwa mzee wa safu ya nyuma anayetishia bila kutumwa, na kwa sisi wengine tunaoguna.

Niliguna pia siku ile? Sikumbuki. Najua sikusimama, na aibu hiyo ni yangu.

Lakini ninakumbuka mwaka 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iwaulize wananchi: chama kimoja au vingi? Asilimia 80 hivi walisema kimoja kibaki. Asilimia 20 wakasema vingi. Hii ilikuwa nchi ambayo kwa miaka mingi iliitikia "Zidumu!" kila fikra za mwenyekiti wa chama zilipotajwa, mikono yote juu. Na tume ikapendekeza vyama vingi. Haikusema wengi wape. Ilisema, kwa maana yake, kwamba mtu mmoja kati ya watano hawezi kuambiwa hayupo. Mwalimu, yuleyule wa 1968 na yuleyule wa 1973, akasimama upande wa wale wachache. Tume ikaorodhesha pia sheria 40 ilizoziona kandamizi. Mwaka 1992 mfumo ukabadilika. Mara moja katika historia yetu, tena kwa amani, taifa zima liligeuka likawasikiliza waliosema simo, na mbingu hazikuanguka.

Tulichofanya baada ya hapo kinaniuma. Tuliacha vyama viwe vingi tukairudisha ile pamoja ya kufuli kwa jina jipya: uzalendo. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha Sheria ya Takwimu ikawa ni kosa kutoa takwimu zenye kupingana na zile rasmi za serikali. Fikiria uzito wake. Mkulima aliyehesabu magunia yake, mtafiti aliyepita nyumba kwa nyumba, angeweza kushtakiwa kwa sababu hesabu yake haikulingana na ya wizara. Kifungu kililegezwa mwaka uliofuata, baada ya kelele za ndani na nje, lakini fikra iliyokizaa haijalegea. Ni fikra ileile ya chini ya mwembe: hesabu ni ya mwenyekiti, wewe kazi yako ni mkono.

Watu wa kawaida wanajua kufanya vizuri zaidi. Nenda kwenye kikoba chochote cha akina mama. Sanduku la fedha lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu. Linafunguliwa mbele ya wote, hela zinahesabiwa kwa sauti, mtoto akipita anasikia. Si kwamba hawaaminiani. Wanaaminiana kwa sababu makufuli yapo. Mwisho wa mzunguko wanavunja kikoba, kila mmoja anachukua chake na faida yake, halafu wanaulizana: nani anaendelea? Anayebaki anabaki. Anayetoka anatoka, na kesho wanasalimiana sokoni. Akina mama hawa, ambao wengi wao hawajawahi kusikia jina la Litowa, wameliweka hai jambo ambalo Kamati Kuu ilidhani imelizika 1969. Ukitaka kujua kama umoja ni wa kweli, usitazame wanavyoimba. Tazama wanavyomfanyia anayetoka.

Kwa hiyo nataka mambo mawili, na nayataka sasa. Kile kifungu cha saa 48 kifutwe, chote, si kuwekewa mwongozo wala semina elekezi. Mtu akitenda kosa kuna polisi na kuna mahakama. Mwanasiasa aliyeteuliwa hana sababu yoyote ya kushika funguo za mahabusu. Na mchango wowote ambao mtu hawezi kuukataa uitwe kwa jina lake, kodi, utungiwe sheria, utolewe stakabadhi na ukaguliwe. Ukiuita mchango basi uwe mchango, na anayesema hana, au hataki mpaka aone hesabu, aende nyumbani na baiskeli yake.

Nasema baiskeli kwa sababu ya mama yule. Jumanne iliyofuata mkutano mgambo walikwenda kwake wakaichukua, iwe dhamana mpaka alipe. Jumapili kukatokea msiba kitongoji cha pili. Nilikuwa bado kijijini, nikaenda. Alikuwa amefika kabla ya wengi wetu, kwa miguu, ndoo kichwani na mzigo wa kuni umefungwa kwa kamba ya katani, na hakuna aliyemuuliza kama amelipa. Mchana chakula kilipoiva alipita na birika na beseni akiwanawisha wanaume waliokaa kwenye mikeka. Yule mzee wa safu ya nyuma alikuwa wa tatu. Aliponyoosha mikono hakumtazama usoni. Mama akainama, akamimina maji polepole mpaka mikono yake ikatakata, akasogea kwa aliyefuata.